Ng'ombe wangu alikuwa na mimba, mi nikampeleka buchani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniuma na najua siko peke yangu huku Rungwe.

Mwezi wa tatu ng'ombe wangu Rozi aliingia joto la kutaka dume, nikapiga simu mtaalamu akaja akampandisha kwa mrija wa mbegu. Siku ya 30 hivi nikaita mtu mwingine aje kumpima, akaingiza mkono akasema hamna kitu, huyu mtupu. Wiki kadhaa mbele Rozi akaanza kulialia na kukubali kupandwa na wenzake, basi na mimi nikaamini kweli hajashika, mama watoto akasema huyu keshakuwa tasa anatumalizia pumba tu, na ada ya shule ndo ilikuwa inadaiwa, mwezi wa saba nikamuuza kwa mtu wa bucha laki tisa. Kesho yake asubuhi kijana wa machinjioni akanipigia, mzee njoo uone. Nikakuta ndama kalazwa juu ya jani la mgomba, ukubwa wa paka mdogo, hana hata unywele mgongoni, kwato laini nyeupe kama nta, na chuchu zake nne zinaonekana kabisa. Jike. Nililia mhariri, sioni aibu kusema.

Yule aliyepima simlaumu sana. Nimekuja kuelewa baadae kwamba siku 30 kwa mkono ni mapema mno, wengi wanaopima kwa mkono wanataka mimba ifike kama miezi miwili ndo waseme kwa uhakika, halafu wapo ng'ombe wana mimba kabisa na bado wanaonesha dalili za joto, hilo sikuwahi kuambiwa na mtu. Ila altrasaundi, ile mashine inayoonesha ndani ya tumbo kwenye kioo, siku hizohizo 30 inaona!

Nimeiona kwa macho yangu kwa jirani, daktari wa mifugo katoka mbali kaja na kimashine anakivaa shingoni, kuna waya una kitu kama kidole mbele, anavaa glavu ndefu anakipitisha njia ya haja kubwa, kwenye kioo kukatokea duara jeusi, akasema hayo ni maji ya mimba, sauti inapita kwenye maji hairudi ndo maana panakuwa peusi, na katikati kuna kitu cheupe kama punje ya maharage. Ndani ya ile punje kuna kitu kinapepesa pepesa haraka haraka. Moyo huo. Tulinyamaza wote pale bandani.

Na si uchawi wala si mionzi kama ya eksirei, maana kuna watu mtaani wanasema inaunguza ndama. Ni sauti tu, ya juu kupita mitetemo 20,000 kwa sekunde ambako sikio la mtu linaishia, inaenda inagonga inarudi, mashine inachora. Popo wale wadogo wanaokula wadudu usiku wanatumia njia hiyohiyo, anatoa sauti usiyoisikia, ikigonga mbu ikarudi anajua yuko wapi, gizani kabisa bila kujigonga ukutani.

Na kazi yake si mimba tu. Kama ng'ombe harudi kwenye joto inaonesha kama ovari ina uvimbe wa maji au mfuko wa uzazi una usaha, apewe dawa inayohusika badala ya sindano za kubahatisha. Mapacha inaonesha. Mbuzi na nguruwe wanapimwa kwa nje tu, kinagusishwa tumboni na jeli kidogo. Ni kweli mimba changa inaweza kutoka hata baada ya kuonekana, kwa hiyo inabidi kurudia kupima mbeleni, lakini mkulima ukijua mapema kwamba ni mtupu unasubiri joto linalofuata, maana huja kila siku 21 hivi, unampandisha tena, sio kulisha miezi mitano ndo ugundue.

Mkulima mmoja hawezi kununua hii mashine, hilo liko wazi. Ninachoomba halmashauri na vyama vyetu vya maziwa ni iwekwe moja kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, maana pale tunafika wote kila asubuhi na ndoo zetu, na mtaalamu mmoja asomeshwe vizuri kuitumia, kwa sababu kioo kile bila jicho lililozoea utaona mawingu tu, na abadilishe glavu kila ng'ombe asitusambazie ugonjwa wa kutupa mimba. Mi mwenyewe niko tayari kulipa elfu kumi kila kipimo, na majirani niliowauliza wamesema hivyohivyo.

Nina mtamba, binti yake Rozi, kapandishwa tarehe 2 mwezi huu. Siku ya 30 inakuja na sina wa kumwita zaidi ya mwenye mkono.

Mfugaji, Kiwira, Rungwe