Zuhura, itoe hadithi ya kobe sandukuni

Mpendwa Zuhura,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako na kwa Salma. Sisi sote tu wazima, na ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta nawe u buheri wa afya. Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Ile barua yako ya mwisho, uliponieleza kwamba umeifungia sandukuni hadithi yako ya kobe kwa sababu uliambiwa ni ya huzuni mno kwa watoto, niliisoma mara nyingi na kila mara nikakosa la kukujibu. Sasa ninalo, ndiyo maana naandika usiku huu kabla halijanitoka.

Juzi tulialikwa kutembelea studio inayotengeneza filamu za katuni za kutazamwa na familia nzima. Nilitarajia kuonyeshwa kompyuta tu, na kweli zipo nyingi, lakini chumba cha kwanza tulichoingizwa kilikuwa na kuta zilizojaa vikaratasi vilivyochorwa kwa penseli na kubanwa kwa pini, safu juu ya safu. Huo ndio ubao wa hadithi. Filamu nzima huchorwa hivyo kwanza, kisha michoro hiyo hupangwa kwa mfuatano na kutiwa sauti za muda, mara nyingi za wafanyakazi wenyewe, ili wote wakae waitazame kabla mhusika hata mmoja hajaanza kutembea. Wakishaitazama huibomoa, wakaijenga upya, wakaitazama tena, na kazi hiyo yaweza kuchukua miaka.

Karibu na mlango palikuwa na boksi la michoro iliyoondolewa. Nikaokota mmoja: msichana amesimama mbele ya mlango, mkono ameuinua lakini hajakigusa kitasa, na kivuli chake kimemtangulia kufika. Ulikuwa mchoro mzuri, Zuhura, mzuri wa kukutia simanzi. Mama aliyeuchora akaniambia kwamba tukio lile lilimchukua miezi minne, na likaondolewa kwa sababu watazamaji walikuwa wamekwisha kujua kuwa msichana anaogopa. Alilisema hilo kwa utulivu, kisha akaurudisha mchoro mahali pake akiwa ameushika kwa pembe ili asiuchafue.

Huko ndani zaidi tulimkuta kijana mmoja mbele ya kioo kidogo cha mezani. Sauti za waigizaji hurekodiwa mapema, kwa hiyo yeye huvaa spika za masikioni, akasikiliza sentensi moja mara nyingi, huku akijitazama nyusi na midomo inavyocheza, ndipo amhamishie mhusika ile sura. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, dakika moja ina fremu 1,440, na filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Kijana yule akiipata wiki nzuri hukamilisha sekunde tatu au nne. Baadaye mafundi wengine huongeza mwanga na vivuli, na kompyuta hukesha zikikamilisha fremu moja moja, nyingine kwa saa nyingi. Tangu mwaka 1995, Pixar walipotoa Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, mitambo imeendelea sana, lakini naamini kabisa kwamba hakuna mtambo uliowahi kuiponya hadithi isiyosimama.

Sasa nirudi kwenye huzuni, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nilimwuliza mwongozaji kama hawaogopi kuwaliza watoto. Akanieleza kwamba filamu ikiwa bado haijakamilika huwaonyesha familia chache, na yeye huketi pembeni akiwatazama watu, si filamu. Katika tukio ambalo babu anafariki, watoto walitulia tuli, wengine wakawaegemea wazazi wao. Walianza kuhangaika katika tukio lililofuata, ambalo mhusika mmoja alikuwa akiwafafanulia kwa maneno marefu maana ya kifo. Wakaliacha tukio la babu kama lilivyo, wakayafuta yale maelezo.

Papo hapo nilikumbuka kurasa zako. Ukurasa ambao mama kobe harudi, na mtoto anakaa akihesabu mawimbi, ni mzuri mno na usiuguse. Zito ni zile kurasa tatu zinazofuata, ambamo bundi anaeleza kila kitu. Nisamehe kwa kulisema wazi, na nisamehe zaidi kwamba sikulisema uliponisomea mara ya kwanza, ilhali nilihisi Salma akichoka hapo hapo.

Ombi langu ni hili: usiandike upya kwanza. Chora. Hata michoro ya vijiti inatosha, tukio moja kwa karatasi moja, uzibandike ukutani kisha umsimulie mtoto huku ukimtazama yeye.

Je, mswada bado u salama, au unyevu umeuharibu? Aliyekuambia ni wa huzuni mno aliusoma hadi mwisho, au aliishia pale mama asiporudi? Rukia bado ana ile nakala ya kwanza, isiyo na bundi? Nikija likizo ijayo, utaniruhusu nikae pembeni wakati ukiwasimulia wanao? Na Salma ameniagiza nikuulize: kobe alihesabu mawimbi mangapi?

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi