Hela ya mboga itolewe kwa wiki

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji tuzungumze na wanandoa wapya, hasa wale walioanza maisha kwenye chumba na sebule, wakiwa na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 na jiko moja la mkaa. Sisi tunafundisha mapishi ya nyumbani, na lalamiko la wanandoa hawa ni moja mwaka mzima: hela ni ndogo, kwa hiyo chakula ni kile kile. Jumatatu ugali na mchicha, Jumanne ugali na dagaa, Jumatano wali maharage, Alhamisi chipsi za kununua kwa kuwa watu wamechoka, kisha mzunguko unaanza upya.

Kwamba hela ni ndogo, ni kweli tupu. Ila kinachobana zaidi ni namna inavyotoka. Bwana anaacha hela ya mboga kila asubuhi, na hela ya siku moja hainunui kitu cha siku tatu. Inanunua mafuta ya kupima, kitunguu kimoja, fungu la nyanya, maharage robo na kipakiti cha viungo. Jumlisha siku saba, utakuta mmelipa kuliko aliyechukua mafuta kwa lita na vitunguu kwa kilo. Hasara ya pili ndiyo kubwa: hela ya siku hairuhusu kupanga. Maharage yanatakiwa kulowekwa usiku, na hela ya kuyanunua inatoka asubuhi. Tunachoomba ni hela ile ile, bila kuongeza hata shilingi, itolewe mara moja kwa wiki, na kwa wiki za mwanzo wote wawili waende sokoni pamoja Jumamosi. Mume asiyejua bei ya nyanya atadhani anaibiwa kila inapopanda.

Hatutaji shilingi humu, kwa sababu bei ya soko la Tandika si ya soko la Mabibo, na zote mbili si za gengeni. Tutataja vipimo. Watu wawili kwa wiki wanakwenda vizuri na unga kilo 3, mchele kilo 2, maharage nusu kilo, choroko au kunde robo, dagaa robo, nyama nusu kilo, mafuta nusu lita, vitunguu kilo 1, nyanya kilo moja na nusu, nazi 2 na karanga robo. Mboga za majani zinunuliwe kila baada ya siku moja au mbili, hazikai. Viungo vikavu vya mwezi mzima, yaani bizari nyembamba, binzari ya manjano, pilipili manga, iliki chache na kijiti cha mdalasini, vichukuliwe vizima sokoni kidogo kidogo. Mchanganyiko uliokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi, na kila chakula kikipata mchanganyiko ule ule, vyote vitakuwa na ladha moja. Hapo ndipo watu wanapochoka na mapishi ya nyumbani bila kujua kinachowachosha.

Sasa jikoni. Kabla ya kujifunza vyakula kumi, jifunze rosti. Kata kitunguu kikubwa kimoja, kiwe chembamba na cha saizi moja, maana vipande vikipishana vidogo vinaungua vikubwa vikiwa bado vibichi. Mafuta vijiko 2 vya chakula, moto wa wastani, kaanga kama dakika 8 mpaka kitunguu kiwe rangi ya dhahabu. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, geuza mara tatu nne tu, kwa sababu kitunguu saumu kikiungua mchuzi mzima unakuwa mchungu na hauna dawa. Nyanya 3 zikwangue kwenye kikwangulio, ganda libaki mkononi. Mimina, tia chumvi nusu kijiko cha chai, funika dakika 5, kisha funua uendelee kukoroga. Hapa sikiliza. Mwanzoni sufuria inatoa sauti nzito ya maji yanayotokota. Maji yakiisha, sauti inakuwa nyembamba na kali, ya kukaanga, na mafuta yanajitenga pembeni yakiwa mekundu. Hiyo ndiyo rosti iliyoiva. Mwenye haraka humwaga maji nyanya zikiwa bado mbichi, na matokeo yake ni mchuzi uliopauka, mchachu, wenye vitunguu vinavyoelea. Kisha anakimbilia dukani kununua kidonge cha supu cha kuokoa jahazi. Dakika 6 za kusubiri zingemtosha, na hazilipiwi.

Rosti hiyo moja inazaa michuzi mingi. Ukiongeza binzari ya manjano na tui, ni mchuzi wa nazi. Karanga zilizosagwa vijiko 4 ukizivuruga kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ni mchuzi wa karanga, ila moto uwe mdogo na mwiko usipumzike, maana karanga hushika chini upesi. Ukwaju kidogo na pilipili, hapo umepata mchuzi wa kulia samaki wa kukaanga. Nyanya ukiipunguza iwe moja na ukatia bizari nyembamba na pilipili manga, unakaribia ladha ya pilau. Bidhaa ni zile zile za Jumamosi, mdomo hauambiwi.

Maharage ndiyo yanayobeba wiki, kwa hiyo tuyaeleze vizuri. Chagua yenye rangi inayong'aa. Yaliyofifia na kujikunja ganda yamekaa ghalani muda mrefu, na hayo utamaliza mkaa bila kuiva. Chambua, osha, loweka usiku mzima kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo bila kukosa, hasa maharage mekundu, kwa kuwa yakiliwa hayajachemka sawasawa yanatapisha. Baada ya hapo punguza moto, yaende saa moja hadi saa moja na nusu. Nyanya, ndimu na ukwaju visiguse sufuria kabla hayajalainika: uchachu unafanya ganda likaze, na hata ukiongeza moto hayatalainika tena kirahisi. Magadi yanaharakisha, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Aliyeloweka hayahitaji.

Kuna njia ya kuokoa mkaa ambayo wengi wanaidharau. Maharage yaliyolowekwa yakishatokota dakika 20, funika sufuria kwa mfuniko unaobana, iepue ikiwa bado inatokota, ifunge kwenye blanketi zito ndani ya kapu au ndoo, uiache saa 3 au 4 bila kufungua. Joto la ndani linaendelea kupika. Ukifungua yatahitaji dakika chache tu motoni. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Ikiwa nusu tupu, joto linapotea.

Nusu kilo ya maharage makavu ikiiva inazidi kilo moja. Mwenye friji agawe mafungu manne na kupika moja moja. Asiye na friji apike robo kilo kwa wakati mmoja, ayale kwa siku moja na nusu, na ayachemshe asubuhi na jioni mpaka katikati patokote, kisha ayaache na mfuniko wake bila kuchovya kijiko kilichotumika. Kwa joto la Dar es Salaam, sufuria iliyorukwa mara moja tu huamka na povu na harufu ya kuchacha. Hayo ni ya kumwaga. Kuyachemsha tena hakuyaponyi.

Fungu la kwanza litie kwenye rosti na tui, liwe maharage ya nazi kwa wali. La pili liponde kwa mwiko, ukaange na kitunguu na kitunguu saumu mpaka likauke, ule na chapati au ndizi za kuchemsha. La tatu liache na mchuzi mwepesi wa nyanya kwa ugali. La nne ni makande, na hapa ndipo wengi wanakosea: mahindi yaliyokobolewa huchelewa kuiva kuliko maharage, hivyo ukiviweka pamoja tangu mwanzo maharage yanavurugika mahindi yakiwa bado magumu. Chemsha vikombe 2 vya mahindi mpaka yapasuke, ndipo utie kikombe 1 cha maharage yaliyoiva, rosti, na tui la mwisho.

Tukiwa kwenye tui: ikune nazi, tia kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, kamua, hilo ni tui zito, liweke kando. Tia vikombe 2 vingine, kamua tena, hilo ni tui jepesi. Pikia jepesi, zito liingie mwishoni. Usifunike, na koroga mpaka lianze kutokota, kisha punguza moto. Tui hukatika kwa sababu ya moto mkali na uchachu, kwa hiyo ndimu isubiri sufuria ishuke.

Dagaa wanawachukiza wengi kwa makosa mawili tu. La kwanza ni mchanga. Dagaa wa ziwani mara nyingi huanikwa chini, basi toa vichwa na tumbo, kwa kuwa tumboni ndiko uchungu uliko, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne mpaka chini ya beseni usione chembe. La pili ni kuwatumbukiza kwenye mchuzi wakiwa na maji. Wanavunjika, mboga inageuka uji wenye shombo. Wachuje, watandaze kwenye chekecheo nusu saa, kisha wakaange kwa vijiko 2 vya mafuta mpaka wagongane kama vijiti ukitikisa sufuria. Siku moja wale hivyo hivyo na ndimu na kachumbari, siku nyingine watie kwenye rosti dakika 5 za mwisho, siku nyingine kwenye mchuzi wa karanga. Robo kilo inatosha mara tatu.

Mboga za majani zina utajiri ambao watu hawautumii. Mchicha si mboga peke yake. Kuna matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, figiri, mlenda. Osha kabla ya kukata, pika dakika 5 hadi 7, na maji yake usiyamwage. Kisamvu ndicho pekee kinachotaka subira: kibichi kina sumu, kwa hiyo kitwangwe vizuri na kichemshwe bila mfuniko kwa muda mrefu, kama saa moja, ndipo uweke nazi au karanga.

Nyama nusu kilo igawe mara mbili. Nusu yake kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, na supu hiyo ndiyo ipikie ndizi za mtori. Nusu ya pili iende kwenye pilau, ambako harufu ya viungo inafanya vipande vichache vionekane vingi.

Wali upimwe. Kikombe kimoja na nusu cha mchele kinawatosha wawili. Mchele wa zamani unataka vikombe 2 vya maji kwa kimoja cha mchele, wa mavuno mapya kimoja na nusu. Asiyejua tofauti hiyo hulaumu mikono yake kila anapopata bokoko. Kiporo cha wali kisilale nje usiku kucha, kwani kina vijidudu vinavyoachia sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Bila friji, pikeni wa kuliwa ukaisha.

Dona inashibisha kuliko sembe na ina virutubisho zaidi, lakini mafuta ya kiini yanaifanya iwe chungu mapema, kwa hiyo msage ya wiki mbili tu. Mahindi au karanga zenye ukungu msiziokoe kwa kuchambua juu juu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Neno kwa wanaoandaa kichen pati. Bibi harusi anapewa glasi dazeni nne na seti tatu za vikombe vya chai ambavyo havina hata kabati la kuwekwa, halafu anapikia sufuria nyembamba inayounguza kitunguu dakika ya tatu. Changeni mumnunulie sufuria moja nzito yenye mfuniko unaobana, mbuzi ya kukunia nazi, kinu kidogo, chekecheo na kikwangulio. Na somo, yaani kungwi wa bibi harusi, pamoja na mengine yote anayomfunda, amsimamishe jikoni akaange kitunguu mbele yake mpaka sauti ya sufuria ibadilike.

Kwako Mhariri, ombi letu ni dogo. Gazeti lako lina waandishi kila mkoa. Kila Ijumaa chapisheni bei za sokoni za unga, mchele, maharage, nyanya, vitunguu, nazi na dagaa, kwa kilo na kwa fungu, zikikaa bega kwa bega. Wanandoa wakiziona Ijumaa jioni, watakaa na kalamu na kugawa hela ya wiki kabla ya kwenda sokoni Jumamosi asubuhi.

Wasomaji wako,
Wafundishaji wa mapishi ya nyumbani,
Temeke, Dar es Salaam