Dalglish naye aandikwe jamani

Mhariri, salamu toka Mwanjelwa, Mbeya. Kila mkiandika makocha wa Skotilandi ni Ferguson tu, sawa alikuwa mkali, ila Kenny Dalglish mbona mnamruka? Huyu alitoka Celtic akaenda Liverpool 1977 kuziba pengo la mshambuliaji Kevin Keegan aliyeondoka, mwaka uliofuata akafunga goli pekee fainali ya Ulaya na Club Brugge pale Wembley. 1985 akapewa ukocha wa Liverpool huku bado anacheza, na Mei 1986 kule kwa Chelsea mpira ukaletwa ndani ya boksi akautuliza kifuani, haujagusa chini kaupiga wavuni, moja bila, ubingwa huo, kocha mwenyewe kafunga! Wiki moja baadaye wakabeba na Kombe la FA.

Ila mimi namheshimu zaidi kwa janga la uwanja wa Hillsborough, 1989, mashabiki 97 wa Liverpool walikufa kwa msongamano, yeye akawa anazunguka kwenye misiba, kuna siku alizika mara nne. 1991 akajiuzulu, presha ilimzidi. Baadaye akaifundisha Blackburn ikawa bingwa wa ligi ya England 1995.

Vijana wanaojaa Sokoine kuangalia Mbeya City na Prisons hawamjui kabisa, tuwekeeni hata nusu ukurasa.

Msomaji wenu, Mbeya