Barua kwa mwanangu: Siku mbili za Sarasota, ukiwa umetia nanga

Mwanangu,

Salamu zangu kwako na kwa wenzako wote chomboni. Madhali mtapita pwani ya magharibi ya Florida, msiiache Sarasota. Wengi hufika pale na orodha ndefu ya vya kuona, wakaviona vyote kwa saa zisizofaa: bustani jua la utosi, jumba la baharini likiwa gizani, na chombo kimeburura nanga nyuma yao. Panga siku kwa jua na upepo kwanza, orodha itajipanga yenyewe.

Nianze na kuingia. Milango ya karibu na mji ni New Pass na Big Sarasota Pass, na mchanga wa yote miwili hauishi kuhama. Maboya husogezwa kuufuata, kwa hiyo boya unaloliona kwa macho lina haki kuliko lile lililochorwa kwenye ramani. Ingieni mchana, maji yakijaa. Mkigusa fungu maji yanajaa, dakika chache mtaelea. Mkigusa yakipwa, mtakaa hapo mkihesabu ndege. Mawimbi yakitoka magharibi, tafuteni mlango mwingine.

Mkija kwa ndani kutoka kaskazini, kwa Intracoastal, njia ya vyombo inayofuata pwani kwa ndani, kumbukeni kwamba maboya mekundu yanabaki kushoto kwenu. Kulia ni kwa anayepanda kaskazini. Mbele kuna daraja la Ringling, ambalo haliinuki. Uwazi wake kutoka majini ni futi 65, karibu mita 19.8, na antena iliyo juu ya mlingoti nayo ihesabiwe. Watu husahau antena.

Kabla ya daraja, ukingo wa kushoto, mtaiona Ca' d'Zan, jumba la John Ringling, tajiri wa sarakasi, na mkewe Mable. Lilikamilika mwaka 1926, limeiga majumba ya Venice, na jina lake kwa lahaja ya huko ni Nyumba ya John. Uso wake unatazama magharibi, yaani majini. Anayelifikia kwa barabara huanza na mgongo wake. Nyinyi mtaanza na uso, basi pitieni hapo alasiri, jua likipiga vigae na vioo vya rangi. Ila msiache mkondo mkuu mkalifuata karibu. Maji ya kando ni machache, chini kuna nyasi za bahari, na rafadha ikizikata kovu hukaa miaka. Penye vibao vya nguva, punguzeni mwendo kweli kweli.

Nanga hutiwa kusini ya daraja, mbele ya mji. Hesabu ya mnyororo wengi huikosea kwa kuanzia kwenye maji tu. Kina kikiwa mita 2.5, ongeza urefu wa omo, yaani mbele ya chombo, kutoka majini, tuseme 1.2, na maji yatakayoongezeka, 0.6. Jumla 4.3. Kwa mnyororo mtupu zidisha kwa 5, upate kama mita 22. Ukiwa na kamba, zidisha kwa 7, mita 30. Kisha rudisha chombo nyuma kwa mashine taratibu mpaka mnyororo ukazike, na uchague alama mbili nchi kavu zilizopangana, moja mbele ya nyingine. Zikiachana kuliko chombo kinavyoyumba, nanga inatembea.

Msimu wa baridi, ogopa upepo unaozunguka. Ukianza kusini ukahamia magharibi, ujue kaskazini-magharibi inafuata, nayo inapiga moja kwa moja kuelekea ukuta wa mji, na vyombo ni katikati. Siku hiyo picha zisubiri. Upepo wa kaskazini pia huyafukuza maji ya ghuba, yakapwa chini ya ilivyoandikwa kwenye jedwali. Kiangazi chao ni kinyume: asubuhi shwari, alasiri radi. Mwezi wa 6 hadi wa 9, saa nane mchana uwe umeshafunga kidau.

Siku ya kwanza nendeni Marie Selby Botanical Gardens, mara tu milango inapofunguliwa. Si mbali kwa miguu kutoka ufukwe wa mji. Ilifunguliwa mwaka 1975, ina kama ekari 15, na sifa yake ni mimea inayoota juu ya miti mingine bila kuinyonya: okidi na bromelia. Msiharakishe. Tafuta okidi iliyoning'inia, utazame mizizi yake. Ikiwa mikavu ina rangi ya fedha, ikishapata maji inageuka kijani mbele ya macho yako. Ile fedha ni tabaka la seli zilizokufa, zilizojaa hewa, zinazofyonza maji kama sifongo. Zikijaa huwa angavu, na kijani cha ndani kikaonekana. Ndiyo maana okidi hufa kwenye chungu chenye udongo mzito. Mzizi ule umeumbwa kulowa na kukauka, ukikaa majini unaoza. Bromelia nazo hukusanya maji katikati ya majani yake, na nanasi ni ndugu yao. Hata zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye mialoni ya Florida ni bromelia.

Ukingoni mwa bustani kuna mikoko. Yenye miguu iliyopinda ni mkoko mwekundu. Wenye vijiti vinavyochomoza matopeni ni jamaa ya mchu wetu. Msikate hata tawi kwa ajili ya kufunga kidau, sheria ya Florida inailinda.

Siku ya pili ni ya makumbusho ya Ringling, penye jumba lile na picha. Iko kaskazini ya daraja, mbali kwa miguu, basi pandeni gari na kuingia kwa lango la barabarani. Majaketi ya kuokolea yafungieni kwenye kidau, msiyabebe: begi kubwa litaachwa mlangoni, na chumvi na maji si vitu vya kukaribiana na picha za karne ya 17. Anzeni na bustani ya waridi ya Mable, ya mwaka 1913, kongwe kuliko jumba lenyewe. Joto likipanda, ingieni kwenye picha.

Chumba cha Rubens, mchoraji wa karne ya 17, kipeni saa nzima. Yale maturubai makubwa aliyochora yalikuwa vielelezo vya wafumaji: mtawala Isabella Clara Eugenia aliyaagiza miaka ya 1620, yafumwe mapazia ya ukutani kwa ajili ya nyumba ya watawa huko Madrid. Mfumaji hufanya kazi kwa upande wa nyuma, kwa hiyo picha hugeuka. Kilicho kulia hapa, kwenye pazia kiko kushoto. Usimame mbali, uone jinsi Rubens alivyochora pazia ndani ya pazia, limetundikwa kati ya nguzo, na pindo lake limekunjika. Kisha sogea, uone brashi ilivyopita haraka pale ambapo uzi ndio ungemalizia kazi.

Jioni tokeni kwenye baraza ya Ca' d'Zan, jua likielekea majini. Zikiwepo nafasi, kuna pia ukumbi wa msanii James Turrell, wa mwaka 2011, wenye tundu la mraba darini. Taa za pembeni zinabadilika, na mbingu inaonekana kubadilika nazo. Tiketi yake huwa ya jua kuzama, na mvua ikinyesha inaingia ndani.

Mkimaliza huko, mtarudi gizani. Kidau kiwe na taa nyeupe, na taa ya nanga iwashwe kabla hamjaondoka asubuhi, hata kama jua linawaka. Na zile alama mbili za nchi kavu, chagueni zenye taa. Mti mzuri kando ya bustani ni alama nzuri mchana. Saa mbili usiku haupo.

Wako,
Baba