Mwanangu, huyo Mynarski ni nani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku Hamilton, Kanada, tu wazima, mama yako anakusalimu. Uliuliza ni nani huyo Andrew Mynarski ambaye shule ya huko Winnipeg ina jina lake. Mimi nilimjulia hapa, kwa sababu ndege ya makumbusho yetu, Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, imepakwa herufi za ndege yake. Lancaster zinazoruka bado ni mbili tu duniani. Hii ikipita juu ya paa letu wakati wa kiangazi, vikombe vinagongana kabatini.

Alizaliwa huko huko Winnipeg mwaka 1916, wazazi wake wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alifariki yeye akiwa kijana, ikabidi afanye kazi ya ngozi kusaidia nyumbani. Vitani akawa mpiga bunduki wa rashasha, kwenye kibanda cha kioo mgongoni mwa ndege.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1944 walikwenda Cambrai, Ufaransa, kulipua yadi ya reli. Ndege ya Wajerumani ikawawahi. Injini mbili za kushoto zikazimika, mafuta ya haidroliki, yanayosukuma mitambo ya ndege, yakashika moto, rubani akaamuru waruke. Mynarski alikwishafika mlangoni alipomwona Pat Brophy, mpiga bunduki wa mkiani, amenaswa. Kibanda chake kilizungushwa kwa nguvu ya mafuta hayo, ambayo sasa haikuwapo, na mpini wa kukizungusha kwa mkono ulikuwa umekatika. Mynarski akatambaa katikati ya moto, akakipiga kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono mitupu. Brophy akampungia: nenda zako! Mynarski akarudi kinyumenyume, nguo zinawaka, akasimama wima, akapiga saluti.

Walikuwa na mzaha wao. Brophy alikuwa ofisa, basi kila wakiagana usiku Mynarski alimpigia saluti ya utani na kumwambia, "Usiku mwema, mkuu." Safari hii Brophy hakusikia kitu kwa kelele, ila alijua ndilo neno lililosemwa.

Akaruka, mwavuli wake unaungua. Wafaransa walimwokota, akafa kwa majeraha ya moto, amezikwa Méharicourt. Na Brophy, amini usiamini, alirushwa nje ndege ilipoanguka, akapona. Wenzao wengine watano walipona pia.

Mimi hapo ndipo ninapokwama. Lau Brophy angekufa, tusingejua lolote. Ni maneno yake yaliyomletea mwenzake nishani ya Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza, mwaka 1946. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, walimokuwamo na Wakanada hawa, kilipoteza watu 55,573, na ndege nyingi zilianguka bila kuacha hata mmoja wa kusimulia. Wala siwasahau raia waliokuwa chini ya mabomu yao mijini. Hao nao shule zao ziko wapi?

Ukija likizo tutakwenda makumbusho, pale uwanja wa ndege. Kiingilio juu yangu. Ila mpigie bibi yako kwanza, analalamika umemtupa.

Wako,
Baba