Dada, kimeo cha Hamisi msikate kwanza

Dada shikamoo,

Habari za huko Tanga, shemeji na watoto hawajambo? Mi huku nipo, baridi imeanza na zamu za usiku zinanimaliza ila ndo riziki. Nimeamua niandike maana kwenye simu mama akiwa pembeni hatumalizi sentensi, na hii ishu ya kumkata mwanao Hamisi kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, eti ndo aongee vizuri, sitaki ipite juujuu. Umesema mama keshaongea na yule mzee wa kukata na mnaenda Jumamosi. Tafadhali dada msiende. Isome na shemeji hii barua kwanza afu ndo mnitukane.

Zile voisi za Hamisi nimezisikiliza sana. Mtoto ana akili, stori yake ina mwanzo na mwisho, anajua kabisa anachotaka kusema, ila maneno yote yanatokea puani. "Baba kapika" kwake inatoka "mama ng'aming'a". Mtaani wanamwita king'ong'o na ticha wake anasema anadeka. Hadeki bwana. Mtu akitamka p, b, t, d, k au s, ile nyama laini ya nyuma ya kaakaa inanyanyuka inaziba njia ya puani, hewa inajaa mdomoni afu ndo inatoka. Kwenye m, n na ng' inashuka na hewa inapita puani, hiyo ni kwetu sote. Sasa kama ile nyama ni fupi, au misuli yake imelegea, au kaakaa lina mpasuko uliofunikwa na ngozi kwa hiyo hauonekani, njia haizibi vizuri na nyingi ya herufi hizo zinasikika kama m, n au ng'. Kimeo kinaning'inia palepale lakini sio chenyewe kinacholeta hilo tatizo, kukikata hakumwongezei chochote zaidi ya kutoka damu na hatari ya pepopunda, na hicho kifaa hujui kimetoka kwenye koo la nani. Najua mama atasema sisi wote tulikatwa na tupo hai, sawa, ila sisi tulikatwa kwa sababu ya kikohozi na kikohozi kile kingeisha tu.

Fanya hivi leo. Chukua kioo chako kidogo cha kwenye pochi uweke chini ya pua yake, mwambie aseme papa papa papa, kaka kaka, sasa sasa. Kioo kikipata ukungu wakati anatamka jua hewa inavuja. Usimpe maneno yenye m au n maana hapo hata wewe utaweka ukungu. Afu apanue mdomo umulike na tochi ya simu, angalia kimeo kama kimegawanyika ncha mbili kama ulimi wa nyoka, na kaakaa kama lina mstari wa bluubluu katikati. Piga picha nitumie. Kikiwa na ncha mbili huenda kuna mpasuko wa ndani, na hapo ndo kabisaa asiguse mtu. Usipoona kitu bado nendeni hospitali, maana misuli ikilegea haionekani kwa tochi.

Kilichonitisha mimi sio king'ong'o peke yake. Huku kwenye wodi ya watoto kuna mama mmoja spichi therapisti, mkali huyo, kazi yake kutwa kusikiliza sauti za watoto. Nikamweleza bila kutaja jina. Akaniuliza, akinyonya maziwa yalikuwa yanatokea puani? Moyo wake vipi? Kuna siku alipata degedege bila homa? Dada vyote vitatu unavijua, ule moyo mliambiwa una kitundu kitaziba chenyewe na hamkurudi tena kliniki.

Kuna hali wanaiita 22q11, yaani kwenye kromosomu namba 22, moja ya zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba vinasaba tunavyorithi, kuna kipande kidogo hakipo, mtoto anazaliwa hivyo. Inakadiriwa kama mtoto 1 kati ya 4,000. Kile kipande kinahusika na utengenezaji wa kaakaa, mishipa mikubwa ya moyo na vile vitezi vya shingoni vinavyosimamia kalsiamu kwenye damu, kalsiamu ikishuka sana mtoto anapata degedege wala hana malaria. Mwaka 1965 daktari wa Philadelphia, Angelo DiGeorge, alielezea watoto wenye shida ya tezi, afu 1978 Robert Shprintzen, ambae fani yake ni usemi, akaelezea wenye sauti za puani, shida ya kaakaa na moyo. Ikachukuliwa ni magonjwa tofauti mpaka miaka ya 90 ndo ikaonekana wengi wao wamekosa kipande kilekile. Mi imenifurahisha hiyo, mtu wa sauti na mtu wa tezi wamekutana mlango mmoja. Na sio hali hii tu inayosikika masikioni, kuna watoto wamekosa kipande cha kromosomu namba 5, wakiwa wachanga kilio chao ni cha kitoto cha paka kabisa, hiyo aliieleza mfaransa Jérôme Lejeune 1963.

Sijasema Hamisi anayo, mi sio daktari. Ila akikutwa nayo, mawifi zako wasikusumbue, kwa watoto kama 9 kati ya 10 wazazi hawana hilo tatizo kabisa, limetokea tu, halihusiani na ulichokula wala ulikopita ukiwa na mimba.

Yule daktari aliyesema atolewe nyama za puani nae asubiri. Kwa mtoto ambae kaakaa halifungi vizuri, zile nyama ndo zinasaidia kuziba, wakizitoa sauti inaweza kuzidi kuwa mbaya. Ombeni rufaa ya Muhimbili, na muwaambie mambo yote kwa pamoja, sauti, maziwa, moyo, degedege, msimpe kila daktari kipande chake. Wampime moyo kwa ile mashine ya eko, kalsiamu kwenye damu, na mtu wa koo aangalie kaakaa likiwa linafanya kazi. Kipimo cha vinasaba kikichelewa, hivi visisubiri. Ikifika kwenye operesheni ya koo waulize wameangalia ile mishipa mikubwa ya shingoni, maana watoto wenye 22q11 wakati mwingine inapita karibu sana na ukuta wa koo, kisu kikikosea hapo ni balaa. Baada ya hapo ndo spichi therapi, anafundishwa ulimi uende wapi. Na mwambie mama aache kumpulizisha maputo, hayafundishi kuongea, mtoto anaishia kizunguzungu tu.

Na ticha aambiwe asimsimamishe mbele ya darasa asome kwa sauti mpaka tujue.

Nauli na hela ya vipimo natuma Ijumaa kwenye M-Pesa ya shemeji. Sio yako dada, usinune, ila ya kwako mama anaijua namba ya siri na yule mzee wa kimeo ana njaa.

Nisalimie wote,
mdogo wako Salimu