Mwanangu, usikimbie ukiwa umebana kifua

Mwanangu,

Naandika kwa sababu tukianza kuzungumza tunaishia kugombana, na Jumamosi unaondoka.

Mdogo wako ameniambia ulikaa chini katikati ya mazoezi, pumzi imekata, ukasema ni jua. Ulikuwa umevaa ile fulana ya kubana kifua ili matiti yasionekane, na juu yake umezungusha bandeji. Fulana hiyo nimeifua mara nyingi. Kuinyoosha tu kwa mikono miwili ni kazi. Mbavu zako zitatanukia wapi humo?

Kukimbia sikukatazi. Nimefurahi mno kukuona umerudi kwenye mazoezi, na majirani nimewaambia. Nakukataza kukimbia ukiwa umebana kifua. Bandeji itupe kabisa, inaumiza mbavu. Fulana yenyewe isizidi saa nane kwa siku, na usilale nayo. Wakati wa mazoezi vaa sidiria ya michezo isiyobana, na nguo pana juu yake. Najua neno hilo linakuudhi, nisamehe, sina jingine.

Halafu vyuma. Tangu uanze sindano za testosteroni, ile homoni ya kiume, misuli inajaa upesi, lakini kano zinazoishikilia kwenye mifupa haziendi kasi hiyo. Ongeza uzito kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 za kukaza misuli. Wewe ulitaka kuzimaliza zote asubuhi moja. Ubishi huo umeurithi kwangu.

Ya mpira unayajua, siyarudii. Nilikuita mvivu mbele ya watu, kumbe ulikuwa unakiogopa chumba cha kubadilishia nguo. Huko uendako, kama chumba kinakutia hofu, toka nyumbani ukiwa umeshavaa za mazoezi. Usibane kifua ili watu wasikutazame. Kikianza kuuma, vua, nenda kwa daktari, na umwambie kwamba huwa unakibana. Usimfiche.

Zipu ya begi nimebadilisha. Mdogo wako anakitaka kitanda chako, nimemwambia asubiri kwanza. Kwenye bahasha nimeandika jina lako, hilo ulilojichagulia.

Chini kabisa ya begi kuna fulana mbili pana za baba yako. Yeye mwenyewe alizitoa kabatini, akazikunja, hakusema neno. Zivae ukikimbia.

Mama yako